Skrini Igeuzwe Imwelekee Mkulima

Korosho za wilaya za Nachingwea na Ruangwa zinapoanza kuingia ghalani mwezi Oktoba, kila mtu huulizia bei. Habari za mnada husakwa redioni, kwenye simu, vijiweni na hata kwenye uwanja wa msikiti baada ya sala. Ni haki yao, maana ada za shule, mabati na mahari vinasubiri bei hiyo. Lakini kuna mahali ambapo fedha ya mkulima inaweza kupotea hata bei ikiwa nzuri, na hapo hapazungumzwi sana: meza ya karani wa chama cha msingi, AMCOS, penye kompyuta.

Hapo ndipo kilo zilizosomwa kwenye mizani hugeuzwa kuwa kumbukumbu na jina la mtu huwa mstari katika orodha ya malipo. Mzigo ukishapita hapo huenda ghala kuu, unaingia mnadani, unauzwa, pengine kwa mnunuzi anayeupeleka India au Vietnam, kisha fedha inarudi ikifuata mstari uleule alioandika karani. Mstari ukikosewa, fedha inagonga ukuta.

Tangu msimu wa 2024/2025, minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kabla ya hapo wanunuzi walileta barua za zabuni, zikatiwa kwenye sanduku, zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima. Sasa bei zinaonekana kwenye skrini. Wakulima wa chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limebeba herufi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wameshaizoea minada ya namna hii. Mnada unaonyeshwa ukutani, wakulima wanaziona bei, kisha wanakubali au wanakataa. Oktoba 2024 bei ya juu katika minada ya kwanza ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu waliiona bei hiyo kwa macho yao.

Kwa hiyo tayari tunakubali kwamba mkulima ana haki ya kuona skrini. Ajabu ni kwamba haki hiyo inaishia mnadani. Akirudi kwenye chama chake kijijini, kompyuta imempa mgongo. Anachoona ni kifuniko cha nyuma, waya, na uso wa karani. Taarifa zake zinaandikwa upande wa pili, na yeye anasubiri aambiwe kwamba kazi imekwisha.

Tunapozungumza habari za watumiaji wa kompyuta huwa tunamfikiria mtu mmoja tu, aliyekaa kwenye kiti na kushika kipanya. Katika ofisi ya AMCOS watumiaji ni wawili. Mmoja anabonyeza, mwingine ndiye mwenye mali. Huyu wa pili hushughulika na kompyuta kwa mdomo na masikio: anatamka jina, anasikiliza anachosomewa, anaitikia. Meza nzima imepangwa kana kwamba hayupo.

Tumtazame karani kwanza, kwa sababu naye ameonewa. Ofisi nyingi za namna hii zina meza ya mbao iliyochongwa na fundi wa hapohapo kwa ajili ya kuandikia kwa mkono. Kiti ni cha plastiki, kifupi, hakipandi wala hakishuki. Karani akikaa, meza inamfika karibu na kifua, mabega yanapanda, viganja vinakunjwa kwenye ukingo wa mbao. Kompyuta yenyewe mara nyingi ni mpakato, na mpakato una tatizo la kimaumbile: skrini na kibodi vimeungana. Ukiiweka chini ili mikono ikae vizuri, shingo inainama. Ukiinua ili shingo inyooke, mikono inaning’inia. Kwa nusu saa si tabu. Kwa siku nzima ya msimu, huku foleni imefika nje chini ya mwembe, shingo inakaza, viganja vinakufa ganzi, na makosa yanaanza.

Dawa inajulikana, na wala haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kibodi ya nje inachomekwa pembeni, mpakato unapandishwa juu ya boksi la rimu za karatasi mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au uwe chini yake kidogo. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Viwiko vikunjwe kama pembe ya daftari, na miguu isipofika sakafuni vizuri iwekewe tofali. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mgongoni mwa karani wala usoni pake, maana jua la Oktoba la huku kusini likipiga kwenye kioo, nane inasomeka tatu.

Hiyo kibodi ya nje inunuliwe yenye fungu la namba upande wa kulia. Mipakato mingi midogo haina fungu hilo, na kazi ya karani wa korosho ni namba tupu: kilo, magunia, daraja, simu, akaunti. Mtu anayeandika namba kwa mstari mmoja wa juu wa kibodi huangalia vidole, kisha karatasi, kisha skrini, na kila kichwa kinapogeuka ni nafasi ya tarakimu kuruka. Bei ya kibodi hiyo haifiki gunia moja la korosho.

Kibodi yenyewe haikupangwa kwa ajili yetu. Mpangilio wake umetokana na taipureta ya Mmarekani Christopher Sholes, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Remington miaka ya 1870. Herufi a, ambayo ndiyo inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote kwa watu wengi. Juu yake pamewekwa Q, ambayo sisi hatuitumii kabisa. Hatutabadilisha mpangilio huo leo, ila wakubwa wanaolalamika kwamba kijana wao anachapa polepole wajue anatumia chombo kilichotengenezwa kwa lugha nyingine.

Umeme nao una neno lake. Lindi na Mtwara zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa zikitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, na kukatika kwa umeme kumewafundisha makarani tabia moja: kuandika kwanza daftarini, kisha kuingiza kwenye kompyuta jioni umeme ukirudi. Siwalaumu. Lakini taarifa inayoandikwa mara mbili ina milango miwili ya kukosewa, na mlango wa pili unafunguliwa usiku, mkulima akiwa keshalala Mnacho au Naipanga. Hapo hakuna tena wa kusema, “Hapana, si hivyo.”

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Jina la baba ni Hamisi au Khamisi?”

“Andika unavyojua wewe, mwanangu. Mimi kusoma sijui.”

Mazungumzo ya namna hii husikika kila msimu, na jibu hilo la bibi linagharimu fedha. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa jina moja lina sura nyingi. Kuna Mohamedi, Mohamed, Muhammad na Muhamadi. Kuna Saidi na Said, Abdala na Abdallah, Fatuma na Fatma, Hasani na Hassan. Masikioni ni mtu yuleyule. Kwenye kompyuta ni watu mbalimbali kabisa. Kitambulisho cha Taifa kimeandikwa hivi, kadi ya benki vile, daftari la chama kwa namna ya tatu, kwa sababu kila mahali kulikuwa na karani wake na kila karani aliandika alivyojua. Benki ikipokea orodha ya malipo na jina lisioane na akaunti, malipo yanarudi. Mkulima anaambiwa arudi kesho, na kesho kutwa.

Namba nazo ni mtihani. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na waliotengeneza mpangilio wake walifanya jambo la akili: waliikata kwa vistari katika mafungu, tarakimu nane za kwanza zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Binadamu husoma vizuri tarakimu nne au tano kwa mpigo, zikizidi hapo macho yanapotea. Namba za akaunti za benki, zenye tarakimu zaidi ya kumi, mara nyingi huandikwa mfululizo bila nafasi. Sifuri tatu zikifuatana, nani atajua kama ziliandikwa mbili? Karani anaweza kuzisoma kwa sauti, na wengi husoma. Ila chumba kina kelele, wapakiaji wanabishana juu ya magunia, pangaboi linavuma juu, na mzee wa miaka 70 anaitikia “ndiyo” kwa adabu tu.

Tusidhani haya ni mambo madogo. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi Jeshi la Wananchi kazi ya kusomba, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima. Shabaha ilikuwa kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaonunua korosho za mkulima kwa kibaba kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa mkulima wa kweli aliyesubiri wiki baada ya wiki, somo lilikuwa wazi: siku ya kulipwa, mtu anathibitishwa na maandishi. Kama maandishi yana walakini, shamba lako la mikorosho iliyopandwa na babu yako halitakusemea.

Nchi yetu imewahi kuumizwa na kompyuta zilizowekwa bila kuwaandaa watu. Kompyuta ya kwanza ilifika Hazina mwaka 1965. Miaka michache baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ilivurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tulichelewa kwa miaka mingi. Nachingwea ina kumbukumbu ya zamani zaidi kuliko hiyo. Mwaka 1947 Waingereza waliichagua iwe mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga, pamoja na Kongwa na Urambo. Walileta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli mpaka Nachingwea. Wenyeji walioijua ardhi hawakuulizwa kitu. Kufikia Januari 1951 mradi ulikuwa umetangazwa kushindwa, mamilioni ya pauni yameteketea, na reli nayo ikaja kung’olewa. Vijukuu vya wafyekaji wa mashamba yale ndio leo wanaopanga foleni mbele ya kompyuta, na bado hakuna anayewauliza kama wanaona kilichoandikwa.

Lugha ya mifumo inaongeza ugumu. Programu nyingi zinazotumika maofisini huonya kwa Kiingereza. Karani akikosea, kinatokea kisanduku chekundu chenye sentensi ndefu, naye hubonyeza kitufe chochote kitakachokiondoa ili foleni isogee. Onyo limetolewa, halikueleweka, kosa limehifadhiwa. Kisingizio kwamba Kiswahili hakitoshi kwa kompyuta kilikwisha mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden: programu nzima ya ofisi, menyu na ujumbe wake vyote kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 imepita. Anayetengeneza mfumo kwa ajili ya karani wa Ruangwa halafu akaacha onyo lake kwa Kiingereza amefanya kazi nusu.

Toka ofisi ya ushirika, ingia steshenari yoyote katika miji ya Nachingwea na Ruangwa. Hapo vijana huomba mikopo ya elimu ya juu, huomba ajira serikalini, huhakiki vyeti vya kuzaliwa, hutafuta namba ya mlipakodi. Mwombaji hukaa kwenye stuli pembeni ya mwenye duka na kutamka taarifa zake zote mbele ya wateja wanaosubiri fotokopi. Mwenye duka humfungulia barua pepe, humtungia nywila, kisha huiandika kwenye kaunta buku iliyojaa nywila za mji mzima. Ni msaada wa kweli, na wengi wasingefika chuoni bila duka hilo. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na kaunta buku ile inaivunja kila ukurasa. Kijana atunge nywila mwenyewe, aichape kwa vidole vyake, aiandike kwenye daftari lake. Dakika tano za kumwachia kiti zinatosha.

Hospitalini nako mambo ni hayohayo. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa umepunguza kupotea kwa mafaili, jambo la kushukuru, lakini mgonjwa anaeleza maumivu yake ubavuni mwa daktari anayetazama skrini. Meza ikigeuzwa pembe moja tu, daktari anaweza kumtazama mgonjwa na skrini pia.

Wapo watakaosema mkulima akionyeshwa skrini ataona taarifa za wenzake, au foleni itachelewa. Hoja ya kwanza ina uzito, na jibu lake ni kumwonyesha ukurasa wake peke yake, si orodha ya kijiji kizima. Hoja ya pili siikubali. Sekunde thelathini za kutazama jina, kilo na akaunti kabla ya kuhifadhi ni fupi kuliko safari hata moja ya bodaboda kwenda kufuatilia malipo yaliyorudi. Asiyejua kusoma anaweza kuja na mjukuu anayesoma darasa la tano, na tarakimu za kilo wazee wengi wanazitambua vizuri mno, wamezisoma kwenye mizani tangu ujana wao.

Kufanya hivyo ni rahisi. Skrini ya pili iliyotumika, ambayo bei yake haifikii gunia la korosho, inaunganishwa kwa waya na kuwekwa upande wa mkulima. Kwa kompyuta zenye Windows, karani anabonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, anachagua picha ileile ionekane pande zote mbili. Maandishi yakiwa madogo, akiwa kwenye mfumo wa mtandaoni abonyeze Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, yatakua mpaka mzee aliyevuka miaka hamsini ayasome bila kukunja uso. Chama kisichokuwa na fedha ya skrini ya pili kiweke meza kando ya ukuta badala ya katikati ya chumba, ili mkulima asimame ubavuni mwa karani na wote wawili watazame upande mmoja.

Karani naye alindwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya migodi na viwanda peke yake, na ofisi ya ushirika ni mahali pa kazi. Kiti kinachopanda na kushuka, kifaa cha kuhifadhi umeme ili kazi isipotee unapokatika, na mapumziko mafupi ya kutazama mbali, maana mtu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache na macho hukauka: hivi viingizwe kwenye bajeti ya chama kama vinavyoingizwa magunia na kamba.

Bodi za vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa hukutana kabla ya msimu kupanga makisio. Naomba katika kikao hicho ajenda moja iwe meza ya karani, na RUNALI iwaulize wenyeviti wake wote: je, mkulima anaona kinachoandikwa? Tume ya Maendeleo ya Ushirika inapokagua vyama itazame daftari na fedha, itazame pia skrini imeelekea wapi. Na wewe mkulima, msimu huu njoo na kitambulisho chako na kadi yako ya benki, na karani akikuuliza jina linaandikwaje usimwambie aandike anavyojua. Mpe kadi, mwombe akugeuzie skrini, hakikisha jina, kilo na akaunti ni vyako, ndipo umruhusu ahifadhi.